Boneti ya Inchi Ishirini na Tatu

Wanandi wote ninaowajua wana mbio miguuni. Mimi Kipyegon nina sindano. Baba yangu naye alikimbia, ila yeye alimkimbia mama, na mpaka leo hajafika alikokuwa akienda. Nikalelewa Lurambi na mama yangu Moraa, Mkisii mshona kofia, nikajua kushona maua ya utepe kabla sijajua kupiga mpira. Mjini Kakamega watu hawakosi la kusema. Wakipita kibandani kwangu nyuma ya soko walikuwa wakininyooshea vidole: "Tazameni Mnandi pekee duniani aliyekaa chini!" Nami nawajibu, "Nimewaachia wenzangu medali, wasije wakalia."

Ndivyo nilivyo. Neno likinijia mdomoni halipiti forodha. Limeshatoka, watu wameshacheka, ndipo naanza kulitazama kama lilikuwa na pasipoti. Hilo ndilo lililonimaliza, na sitamlaumu mtu.

Jumamosi hiyo nilifungua kibanda mapema kuliko wauza mboga. Boneti ya Navalayo ilikuwa tayari juu ya kichwa cha mti, rangi ya jivu la baridi, utepe mweupe. Kwa asiyezijua, boneti ni zile kofia walizovaa wanawake wa Uingereza enzi za Malkia Victoria. Nyuma inashika kisogo, mbele ukingo unatokeza kama kibaraza cha nyumba, halafu utepe mpana unafungwa chini ya kidevu. Mvaaji akikupa ubavu humwoni hata pua. Ukitaka uso wake, sharti uzunguke usimame mbele yake.

Navalayo ndiye aliyenifundisha boneti. Ni mwalimu wa shule ya wasichana, na mwaka jana wanafunzi wake walikuwa wanaigiza mchezo wa Waingereza wa zamani. Alikuja na picha ameitoa kwenye kitabu, akaiweka mezani juu ya chai yangu.

"Fundi, unaweza kunishonea kumi na mbili kama hizi?"

"Mwalimu, hizi ni kofia au ni vibanda vya mlinzi?"

Alicheka mpaka akashika mlango. Na mimi, mwenzenu, nikapotelea hapo. Kuna wanawake wanacheka kwa meno, kuna wanaocheka kwa mabega. Huyu alicheka kwa macho kwanza, mdomo ukafuata baadaye kama mtu aliyechelewa ibadani.

Nikapima kichwa chake kiwe mfano wa vile kumi na viwili. Mama yangu alinifundisha sheria moja: mpime mtu pamoja na nywele anazoishi nazo, maana hatazivua mlangoni. Navalayo alikuwa na nywele zake mwenyewe, nyingi, amezisuka mistari minene. Nikazungusha utepe wa kupimia. Mkono wangu ukagusa shingo yake, nikasahau kusoma namba, ikabidi nipime tena.

"Ngapi?" akauliza.

"Ishirini na tatu."

"Ni kubwa?"

"Ina nywele nyingi na maneno mengi."

Kichwa changu cha mti kilikuwa inchi ishirini na moja. Nikakizungushia vipande vya kitambaa, kimoja juu ya kingine, mpaka kikatimia ishirini na tatu. Hizo boneti kumi na mbili zikashonwa, gunia laini lililokandwa kwa wanga wa muhogo, ukingo umeshikwa na waya wa breki ya baiskeli. Mchezo ukachezwa, ukaisha. Vile vitambaa sikuvifungua. Wateja wengine niliwashonea juu ya sufuria. Kile kichwa kilikuwa cha Navalayo, nami kila asubuhi nilikisalimia kabla sijamsalimia mtu.

Mama yake, Mama Maximilla, alikuwa wa kwanza kanisani kwao kutaka boneti ya Jumapili. Alijitazama kwenye kioo changu upande huu na upande ule, halafu akanitazama mimi.

"Kofia nimeipenda," akasema. "Wewe bado."

"Mama, na mimi nikipunguzwa kidogo pembeni nitakutosha."

"Mwanamume wa kushona maua! Ukioa binti yangu nani atachinja kuku, sindano?"

Lakini mwezi ule mama mtu alikuwa ameanza kulainika. Aliniambia nije nyumbani na wazee wangu, nije na kitu kinachotembea kwa miguu minne. Nikaenda Lubao sokoni, nikachagua ndama jike mwenye paji jeupe kama aliyevaa boneti. Siku ikapangwa.

Kisha Mildred akafa. Mildred ni dada mkubwa wa Navalayo, aliyeolewa Ekero, karibu na Mumias, upande wa miwa, kwa bwana mmoja mkulima aitwaye George Were. Aliugua siku nne tu. Ameacha watoto watatu, wa mwisho ana miezi mitano. Navalayo akaenda kwa matanga, akakaa wiki mbili. Sherehe yetu ningeingoja, mtu hashindani na kaburi. Lakini mikono haikungoja. Wiki ya kwanza tu ikashona hii boneti ya jivu, imtoe matanga taratibu.

*

Alikuja saa tatu asubuhi. Mama Maximilla alibaki nje kwa Jael, jirani yangu auzaye chai, akavuta benchi bila kuagiza kitu. Navalayo akaingia peke yake. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, amekishusha mpaka kwenye nyusi, na amekonda mashavu.

"Mwalimu," nikasema, "karibu. Pole. Pole sana, Nava."

"Asante, Kip."

Nilitaka kumshika. Nikashika boneti badala yake, ndio ujasiri wangu ulipoishia.

"Usiseme kitu. Fumba macho kwanza."

"Kip, nina neno."

"Neno halikimbii. Fumba."

Akafumba. Nikamvika juu ya kitambaa chake, nikingoja ile sauti ndogo ambayo boneti huitoa ikikaa mahali pake. Haikukaa. Ilishuka. Ikapita nyusi, ikapita macho, ikaja kutua puani. Ikabaki midomo tu inatetemeka chini ya ukingo.

Nanyi mnanijua.

"Haiya! Mwalimu, umemwacha nani Ekero na inchi zangu mbili?"

Hakucheka. Aliinua mkono akaivua, akaiweka mezani polepole kama mtu anayeweka yai. Kisha akafungua fundo la kitambaa.

Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Si kupunguzwa, kunyolewa kwa wembe, hadi ngozi, na juu ya sikio la kushoto palikuwa na mkato mdogo umeanza kukauka. Alikuwa mzuri. Naapa, alikuwa mzuri hata kunizidishia uchungu, kama nyumba iliyotolewa vyombo vyote ukaona kumbe kuta zake zilikuwa zimenyooka hivi.

"Ni matanga," nikasema haraka. "Ndiyo mila. Mtu akifa ndugu wananyolewa. Zitaota, Nava. Kufika Krismasi utakuwa unanisumbua nikupime tena."

"Kip. Ulisema nini Jumanne?"

"Jumanne?"

"Nilipokupigia simu. Rudia ulichosema."

Nikakumbuka mzaha niliokuwa nimeshausahau. Nilikuwa na akina mama watatu kibandani, mikono yangu imejaa wanga, nikabonyeza spika kwa kiwiko.

"Nilisema tu... ukae unyolewe."

"Ulisema vipi? Sema vile ulivyosema."

"Nilisema, 'Kaa, Mwalimu, unyolewe mpaka ung'ae. Ukirudi kama yai nitakushonea kiota.'"

"Halafu?"

"Halafu akina mama wakacheka."

"Niliwasikia." Alikuwa anakunja kile kitambaa cheusi, anakikunjua, anakikunja tena. "Unajua nilikuwa wapi nikikupigia?"

"Ekero."

"Nilikuwa nyuma ya jiko la Mildred. Watu wote walikuwa uwanjani. Sisi ndugu zake tulikuwa tumewekwa huku, kando ya ua. Katikati kulikuwa na mkeka. George amekaa na watoto wawili, na kando yake pameachwa nafasi. Mzee mmoja akauliza mbele ya watu, 'Hapa anakaa nani?' Wote wakanyamaza. Kisha wakaniangalia mimi, mmoja mmoja. Nikasema naomba kwenda msalani. Nikakupigia. Nikakuambia, Kip, wanataka nikae na George na watoto tunyolewe pamoja. Nikae? Nilikuuliza hivyo ama sikukuuliza?"

"Uliniuliza."

"Na wewe ukasema kaa."

Kibanda kilikuwa kidogo siku zote, lakini asubuhi hiyo kilinifika kifuani.

"Nava, mimi sikujua. Huyu Mnandi wa Kisii angejuaje? Nilidhani wembe ni wembe."

"Najua hukujua. Kwetu anayekaa pale anachukua mahali pa marehemu; halisemwi, huonekana. Ukikaa, umekaa. Hakuna mtu ataandika barua. Lakini hukujua na hukuuliza. Mtu anakupigia akihema nyuma ya jiko, unamchekesha."

"Ungeniambia wazi! Ungesema, Kip, wananioza!"

"Nilikuwa nangoja useme maneno mawili tu. 'Ngoja, nakuja.' Ekero si mwezini. Ningejifungia msalani mpaka jioni, wangegonga mlango mpaka wachoke, na wewe ungekuja hata na hiyo aproni yako, uonekane tu. Wangesema haya, kumbe ana mtu." Alijaribu kutabasamu, ikakataa. "Badala yake nikasikia watu wakicheka. Nikasema moyoni, huyu kwake hata hili ni mchezo. Nikarudi. Nikakaa."

"Twende tuwaambie ni makosa. Leo. Nitakuja, nitapiga magoti, nitaleta ndama..."

"Kip."

"Nywele si pete, Nava!"

"Kip, nisikize. Nilipokaa tu, shangazi yake George akaniwekea mtoto mapajani. Kabla wembe haujafika sikioni alikuwa amenishika kidole. Hapa." Akanionyesha, kidole cha shahada, kana kwamba bado kuna alama. "Amekuwa akilia tangu mazishi, mchana na usiku, hakuna ziwa, hakuna chupa anayoitaka. Walipomaliza mimi wakamnyoa yeye. Hakulia, Kip. Akalala. Na yule mkubwa, ana miaka saba, akaja akakaa nyuma yangu akaegemea mgongo. Hao watoto wamezika mama mara moja. Nikiinuka sasa, nitakuwa nimewazikia wa pili."

Nilichukua sindano, nikairudisha mezani.

"Unampenda George?" nikauliza mwishowe, swali la kijinga kuliko yote.

Alifikiri. Hilo ndilo liliniuma, kwamba alifikiri.

"George ni mtu mzuri. Anakula obusuma wake na mboga kimya, ananawa, anaenda kwa miwa. Jana aliniambia kitanda cha ndani ni changu na watoto, yeye atalala sebuleni mpaka nimwambie. Hata kama ni mwaka. Hajui kunichekesha." Akainua macho. Yale macho yanayochekaga kwanza. "Pengine kuna mambo ni afadhali yasichekeshe."

*

Kivuli kikaziba mlango. Mama Maximilla aliingia akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Naye kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, mvi zimeanza kuchomoza kama chumvi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa amevaa kofia yangu.

"Mulembe, fundi."

"Mulembe, Mama. Pole kwa Mildred."

"Nimepoa." Akakaa kwenye kiti cha wateja. Alimtazama bintiye, akanitazama, akajua yote yameshasemwa. "Umemwambia?"

"Nimemwambia, Mama."

"Mama," nikasema, "mimi nilikuwa na siku kwako. Tulipanga."

"Tulipanga, mwanangu." Hajawahi kuniita hivyo. "Na mimi nilikuwa nimekukubali. Nimewaambia wajomba zake, huyu kijana mcheshi, msimuulize habari za mbio, msimuulize habari za baba. Nilikuwa nimechagua na jogoo. Nilitaka uje unichekeshe uzeeni, kusema kweli. Nyumba yangu ina watu wa maombi wengi mno."

"Basi kwa nini ulimwacha akae pale?"

"Nilimwona ameondoka na simu. Nikasema, anampigia yule wake. Nikaangalia barabara." Akaukaza mkoba mapajani. "Niliangalia hiyo barabara, Kipyegon. Alikaa dakika nyingi kule nyuma. Niliporudisha macho, alikuwa anakuja na amejipangusa uso, anakaa. Nikajua umesema hapana."

"Sikusema hapana!"

"Ulisema nini?"

Navalayo alinitangulia. "Alisema pole, Mama. Simu ilikuwa mbaya."

Akanifunika hivyo, mbele ya mama yake. Mimi ninayejiita fundi wa kufunika vichwa sijawahi kufunikwa vizuri kama siku ile, na sijawahi kuona aibu kama hiyo.

Mama Maximilla akaigusa boneti ya jivu pale mezani, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ukingo.

"Ulimshonea yeye?"

"Ndiyo."

"Imemzidi?"

"Kwa inchi mbili."

"Ipunguze. Kesho anakaa kanisani Ekero mara ya kwanza na wale watoto. Sitaki akae kichwa wazi watu wahesabu mikato."

"Mama, usimfanyie hivyo," Navalayo akasema kwa sauti ya chini.

"Ni fundi au si fundi?"

"Ni fundi," nikajibu mimi.

Nikavuta kichwa cha mti karibu. Ili boneti ipungue ni lazima kwanza kichwa kipungue. Nikatafuta ncha ya kitambaa cha juu, ile niliyoichoma pini mwaka jana, nikaanza kufungua. Cha kwanza kilikuwa kipande cha pazia la mama yangu. Cha pili shati langu la shule. Cha tatu kilitoka kwa ile nguo ya buluu ambayo Navalayo mwenyewe alinishikia ncha nikizungusha, akizunguka nayo kibandani akisema anacheza ngoma ya Kizungu. Nikafungua vyote. Vikaanguka miguuni pangu kimoja kimoja mpaka nikafika kwenye mti mtupu, na nilipouzungushia utepe wa kupimia, kisha nikakizungushia na kichwa chake Navalayo bila kumgusa shingo, vilikuwa sawasawa. Ishirini na moja. Mwaka mzima nilikuwa nikisalimiana na nywele.

Nikachemsha birika kwa Jael, nikapitisha boneti kwenye mvuke mpaka ikalegea, nikaivuta kwenye mti, nikakikunja kisogo mikunjo minne, nikaishona kwa uzi maradufu. Ndani nikatia ukanda laini, yasije yakamchoma yale mabua ya nywele yakianza kuota.

"Usibane sana," Navalayo akasema. "Zitaota."

"Zikiota uniletee niifungue."

Alikikunja kitambaa chake cheusi kwa mara ya mwisho.

"Zikiota nitatafuta fundi Mumias, Kip."

Nikakata uzi kwa meno.

Siku zote utepe wa kidevu nilimfungia mimi. Ndio ulikuwa wizi wangu halali, sekunde kumi za kuutazama uso wake kutoka mbele bila kuulizwa. Nikaunyoosha mkono. Mama Maximilla alikuwa ameshasimama. Alimgeuza bintiye taratibu kwa mabega, akamfunga yeye, fundo dogo lisilo na maringo, la mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

Boneti ilikaa. Ile sauti ndogo niliisikia.

"Kwaheri, fundi," akasema Mama Maximilla. "Mungu akupe mke."

Navalayo hakusema kwaheri. Alisimama kidogo, kama anayengoja. Mimi nikaangalia sindano.

*

Walitoka. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakishika njia ya kwenda kwenye magari ya Mumias. Sasa alikuwa amenipa ubavu, na ukingo niliouunda kwa mikono yangu mwenyewe ulinizibia kila kitu. Sikuona kama analia. Sikuona hata kidevu. Niliona kibaraza cha kijivu na utepe mweupe vikipita kati ya mafungu ya sukuma na nyanya, vinapungua.

Jael alikuja akiwa na kikombe mkononi. Aliangalia vitambaa sakafuni, akaangalia barabara.

"Kipyegon, huyo anaenda."

"Ninaona."

"Utamwonaje na amekugeukia hivyo? Si wewe ndiye husemanga hii kofia yako mtu huonwa kwa mbele tu?"

Nikakimbia.

Nilikimbia na aproni, na utepe wa kupimia shingoni unapiga huku na huku. Slipa moja ikabaki kwa wauza mitumba. Nikaruka kapu la mtu la kuku, nikaruka mtaro. Na soko zima likasimama, maana walikuwa wamengoja siku hiyo miaka. "Ameamka! Mnandi ameamka!" Wakapiga vigelegele, wakapiga sufuria, mama mmoja akanipungia karatasi kama bendera. "Dhahabu hiyo! Usiangalie nyuma!"

Niliwapita wote wawili kwenye kona, nikageuka, nikasimama mbele yake.

Basi nikaona uso. Machozi yalikuwa yameshuka mpaka kwenye utepe na kuulowesha fundo, na alikuwa hayapangusi. Alinitazama, guu langu tupu, kifua changu kinavyopanda na kushuka. Mdomo wangu ulikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza maishani forodha ilikuwa imefunga. Hakuna neno lililopita.

Macho yake yakacheka, yale yale, kidogo sana. Mdomo haukufuata.

"Kumbe huwa unaweza kukimbia," akasema.

Akamshika mama yake mkono, akanizunguka, wakaendelea na safari.